Maji tunayo, bwawa hatuna

Kila Olimpiki inapofika, wazee wetu wa Kasongo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walioko huku ughaibuni huuliza jambo lile lile: watoto wetu wamekulia kando ya mto Lualaba, wale wa Kabambare kando ya mto Luama, mbona hatuwaoni kwenye kuogelea? Wana haki ya kuuliza, na wanastahili jibu zuri kuliko lile la mitaani kwamba Waafrika hawajui maji. Wagenya, wavuvi wetu, wameishi na Lualaba tangu enzi za mababu. Mtoto wa Nyangwe huweza kujua kuogelea kabla hajajua kusoma.

Mtazame akiwa majini. Kichwa kiko juu, macho yanatafuta gogo linaloelea, kiboko, na mahali atakapotokea ng'ambo. Havuki kwa mstari ulionyooka. Anaingilia upande wa juu, anauacha mkondo umbebe, na anatua pale alipopakusudia. Huo ni ufundi kamili. Lakini ukimpeleka bwawani ataambiwa azamishe uso, atoe pumzi ndani ya maji, afuate mstari mweusi ulio sakafuni, na akifika ukutani apinduke na kujisukuma upya. Kichwa kikiinuka, miguu inashuka, na mwili unaanza kuburuta maji. Kumfundisha upya hivyo ni kazi ya miaka, na wanaofika mbali huianza wakiwa watoto.

Ndiyo maana napenda kueleza jambo hili kwa kupitia mwogeleaji wa Kenya, Jason Dunford, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1986. Beijing 2008, kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo, aligusa ukuta kwa sekunde 51.14, akaweka rekodi ya Olimpiki. Dakika chache baadaye Milorad Čavić wa Serbia akaivunja. Dunford alifika fainali, akamaliza wa tano, katika mbio ile ile ambayo Michael Phelps alimpita Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mwaka 2010 alitwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi, na London 2012 ndiye aliyebeba bendera ya Kenya. Baadaye akaingia kwenye muziki kwa jina la Samaki Mkuu, jina linalomfaa sana.

Sasa angalia kilichokuwa nyuma yake. Nairobi ina shule na klabu zenye mabwawa, na Kasarani kuna bwawa la mita 50 lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako kuogelea kuna makocha, ratiba na mashindano msimu mzima. Kipaji ni chake, hakuna anayemnyang'anya. Ila kipaji hicho kilipata saa ya kukipima tangu mapema, na kilipata miaka mingi isiyokatika. Miaka isiyokatika ndiyo hasa tuliyoikosa kwetu. Mzazi wa Salamabila aliyekimbia mapigano na wanawe hawezi kupanga mazoezi ya alfajiri, hata kama bwawa lingekuwa mlangoni pake.

Kwa nchi kama yetu kuna mlango mwingine wa kuingia Olimpiki. Ili mwanamume afuzu moja kwa moja mita 50 mtindo huru huko Paris 2024, alihitaji sekunde 21.96. Nchi isiyo na aliyefuzu inaweza kupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ili michezo iwe ya dunia nzima. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliingia kwa njia ya namna hiyo Sydney 2000. Alikuwa amejifunza katika bwawa dogo la hoteli, akaogelea mita 100 peke yake baada ya wenzake wawili kuondolewa kwa kuanza mapema, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Watu walicheka, mimi naona ujasiri mtupu. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake. Paris 2024, Aristote Ndombe aliogelea mita 50 kwa niaba ya Kongo yetu.

Na kuna kilomita 10 za maji ya wazi, zilizo kwenye Olimpiki tangu 2008. Paris ziliogelewa ndani ya mto Seine, na mkondo ulikuwa mkali kiasi kwamba waogeleaji waliokuwa wakipanda mto walijibana ukingoni kuukwepa. Mpiga kasia yeyote wa Kasongo angewaambia hivyo hivyo. Hapo ujuzi wa kwetu una thamani, mradi uungwe na kocha na maelfu ya kilomita za mazoezi.

Kwa wazazi wenye watoto kwenye klabu za huku, jambo la kuangalia mapema ni pasipoti. Anayeshindania nchi lazima awe raia wake, na kifungu cha 10 cha katiba yetu ya 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Mtoto anayechukua uraia wa ugenini anaweza kujikuta hawezi tena kuvaa kofia ya Kongo bwawani, hata kama ndiye mwenye kasi kuliko wote. Liongeeni nyumbani kabla ya kujaza fomu.