Weka Kipanya Kando

Asasi nyingi hupima tovuti zao kwa macho: picha zinang'aa, nembo ya mfadhili imekaa mahali pake, basi kazi imekwisha. Asiyeona hupimia sikio. Husomewa ukurasa na kisoma skrini, yaani programu kama NVDA, ambayo Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, alianza kuitengeneza mwaka 2006, kisha akaungana naye mwenzake asiyeona, James Teh. Hutolewa bure, kwa hiyo kisingizio cha bajeti hakipo.

Weka kipanya kando, ubonyeze Tab. Unaona umefika wapi kwenye ukurasa? Fomu ya maombi inajazika hadi mwisho, au unakwama kwenye tarehe ya kuzaliwa? Halafu washa NVDA, uende kwenye tangazo la ufadhili wa masomo. Likiwa ni bango la picha lisilo na maelezo, ama litarukwa kimya, ama utasomewa jina la faili, herufi na tarakimu tupu. Siku ya mwisho ya kuomba imo humo humo ndani ya bango.

Kasoro nyingine ni yetu hasa. Ukurasa ni wa Kiswahili, lakini msimbo wake unatangaza Kiingereza, kwa sababu fundi alichukua kiolezo na hakugusa mistari ya juu. Programu hutii ilichoambiwa: "Wasiliana nasi" hutoka kwa matamshi ya Kizungu, msikilizaji asiambulie kitu. Dawa yake ni kufuta "en" na kuandika "sw". Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na wote, WCAG, umeliweka sharti hilo katika daraja A, la msingi kabisa, na bado linasahauliwa.

Kuhusu rangi, mwongozo huo katika daraja AA unataka uwiano wa 4.5 kwa 1 baina ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Kijivu kile hafifu wanachokipenda wabunifu mara nyingi hakifiki.

Vikaguzi vya tovuti vya kiotomatiki kama WAVE husaidia, ila havijui ukweli wa maelezo. Bango la ufadhili likiandikiwa "karibuni sana", kikaguzi kinaweza kuridhika. Hapo anatakiwa mtu anayetumia kisoma skrini kila siku, na alipwe kama mtaalamu, si soda na nauli. Mwambie achangie shilingi elfu moja kupitia tovuti yenu. Akikwama usimwelekeze, andika alipokwamia, umkabidhi fundi orodha hiyo kabla hujamlipa awamu ya mwisho.