NANGA NYUMA YA UKUTA

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Usemi huo ulihusu vyombo vya baharini, lakini siku hizi waweza kusemwa hata sebuleni. Kabati la vyombo, rafu ya vitabu vya shule, kioo, saa na televisheni bapa, vyote huning'inia ukutani kana kwamba vimejishikilia vyenyewe. Mtazamaji huona kichwa cha parafujo tu. Kinachobeba mzigo kimefichika nyuma, na aghalabu hata mwenye nyumba hakijui.

Kutokijua si jambo dogo. Chini ya rafu mtoto hufanya mazoezi yake ya shule. Chini ya kabati mama husimama akikatakata mboga. Mzigo unaoanguka hauchagui saa wala mtu. Ndiyo maana makala haya yanaeleza jinsi mzigo unavyoshikwa kwenye ukuta wenye uwazi ndani, na jinsi ya kuunda na kuchagua kishikio kinachostahili.

KUTA ZIMEBADILIKA

Katika nyumba za kale za mawe za Lamu na Unguja, ukuta ulikuwa mnene kiasi cha kuchongewa vidaka. Chombo kiliwekwa ndani ya ukuta wenyewe, wala hapakuwa na haja ya kukitundika. Katika nyumba za udongo na fito, mtu aliyetaka kutundika kitu kizito alitafuta boriti kwanza. Kila mtu alijua kwamba udongo peke yake haushiki.

Leo wakazi wengi wa miji huishi au hufanya kazi kati ya kuta za namna nyingine. Ziko kuta za matofali ya saruji yenye matundu. Ziko pia kuta nyepesi za kugawanya vyumba, ambazo ni kiunzi cha mbao au cha bati jembamba kilichofunikwa kwa mbao za jasi pande zote mbili. Mbao hizo, ambazo madukani huitwa jipsamu, zina asili ya mbali: Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya ubao wa jasi na karatasi mwaka 1894. Ubao wa kawaida wa leo una unene wa milimita 12.5. Ndani yake ni jasi iliyoganda, na juu yake ni karatasi pande zote. Baada ya hapo ni hewa tupu.

Jasi ina sifa nyingi njema. Hainunui moto upesi, ni nyepesi, na hupendeza ikipakwa rangi. Lakini ni laini. Ukucha waweza kuikwaruza. Parafujo ikisokotwa ndani yake hushika unga tu. Ikivutwa kwa nguvu hutoka na kipande cha ukuta.

KWA NINI FISHA HAITOSHI

Mafundi wengi wakitaka kutundika kitu hutoboa tundu, huingiza fisha, kisha husokota parafujo. Njia hiyo ni nzuri mahali pake, na ina historia yake. Mwaka 1911 Mwingereza John Joseph Rawlings, aliyepewa kazi ya kufunga vifaa vya umeme katika British Museum ya London bila kuharibu kuta, alibuni plagi ya nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer alibuni plagi ya nailoni, na jina lake ndilo lililogeuka kuwa fisha vinywani mwa mafundi.

Plagi zote hizo hufanya kazi kwa kutanuka. Parafujo huitanua plagi, plagi hulibana jiwe, na jiwe nalo huibana plagi. Msuguano huo ndio unaobeba mzigo. Sasa, ndugu msomaji, jiulize: katika ukuta wa jasi, plagi itabana nini? Milimita 12.5 za mwanzo ni jasi laini, na zilizobaki ni hewa. Plagi hutanuka bila kupata wa kupambana naye. Picha ndogo yaweza kukaa. Kabati la vyombo haliwezi.

KIJITI NA UZI

Dawa yake ni ya kale na rahisi. Chukua kijiti, kifunge uzi katikati, kisha kipitishe kwa urefu wake katika tundu dogo la gunia. Kikishapita, vuta uzi. Kijiti kitalala kingamo upande wa pili na hakitatoka tena. Hiyo ndiyo nanga ya ukuta wenye uwazi. Haishiki kwa kubana, bali kwa kulala nyuma ya ukuta na kuugawa mzigo juu ya eneo pana.

Madukani nanga hizo zipo za namna tatu kuu. Ya kwanza ni bolti yenye mabawa mawili na springi: mabawa hukunjwa ili yapite, kisha springi huyafungua. Ya pili ina kipande kimoja chenye upande mmoja mzito kuliko wa pili; kikipita, uzito wake hukigeuza. Hii yafaa ukutani lakini si darini, kwa sababu darini kipande hubaki kikining'inia wima badala ya kulala. Ya tatu ni kipingo cha chuma chenye mikanda miwili ya plastiki. Mikanda hukivuta kipingo kikae nyuma ya tundu, kisha bolti huingizwa.

MASWALI YA MWUNDAJI

Anayeunda nanga ya aina hii hukabiliwa na mgongano mmoja mkubwa: kitu kile kile kinatakiwa kuwa chembamba wakati wa kupita na kipana baada ya kupita. Tundu likiwa kubwa, ukuta hudhoofika. Kipingo kikiwa kidogo, hupenya na kutoka na mzigo.

Tuchukue mfano wa kipingo kinachoweza kutengenezwa na fundi yeyote wa vyuma. Kata chuma bapa chenye unene wa milimita 3, upana wa milimita 12 na urefu wa milimita 60. Toboa katikati tundu la kupitisha bolti ya milimita 6, kisha chomelea nati upande utakaotazama ndani ya uwazi, ili upande ulio bapa ndio uguse ukuta. Kando ya tundu la kati, kulia na kushoto, toboa vitundu viwili vidogo vya kupitishia waya mwembamba. Kipingo hiki pamoja na nati yake kitapita katika tundu la milimita 16.

Sasa piga hesabu. Urefu wa milimita 60 ukitoa milimita 16 za tundu, hubaki milimita 44 zinazougusa ukuta. Zidisha kwa upana wa 12, upate milimita za mraba 528, yaani zaidi ya sentimita 5 za mraba. Eneo hilo ndilo linalobeba mvuto, badala ya unga mwembamba unaozunguka meno ya parafujo.

Kipimo cha pili ni unene wa chuma. Kipingo hukandamizwa na ukuta kwenye ncha zake na kuvutwa katikati, kwa hiyo hutaka kupinda. Kikipinda, ncha hulegea na mzigo wote huhamia ukingoni mwa tundu, mahali palipo dhaifu kuliko pote. Unene ukiongezwa mara mbili, nguvu ya kustahimili kupinda huongezeka mara nne. Kwa hiyo usikate kipingo kutoka kwenye bati.

Kipimo cha tatu ni kina cha uwazi. Pima kwa waya uliokunjwa ncha kabla ya kukata chuma. Kipingo cha sentimita 6 huhitaji uwazi unaozidi sentimita 6 ili kigeuke bila taabu. Uwazi ukiwa mdogo, punguza urefu wa kipingo, kisha ongeza idadi ya nanga.

Wakati wa kufunga, ingiza kipingo kwa urefu wake, vuta nyaya mpaka kilale kingamo, na uzishike zimekaza huku ukisokota bolti. La sivyo kipingo kitazunguka pamoja na bolti na kazi haitaisha. Mbele weka washa pana, ili kichwa cha bolti kisizame ndani ya jasi. Kaza mpaka kitu kitulie, kisha acha. Kukaza kupita kiasi huvunja jasi kati ya washa na kipingo, na nguvu yote hupotea kabla ya mzigo kuwekwa. Mwisho kata nyaya. Kumbuka pia kwamba ukiifungua bolti baadaye, kipingo kitaanguka ndani ya ukuta na hutakiona tena. Nanga ya mabawa nayo ina kasoro hiyo hiyo.

RAFU HUVUTA KULIKO UZITO WAKE

Wengi hudhani rafu yenye mzigo wa kilo 20 huvuta ukuta kwa kilo 20. Sivyo. Picha huning'inia sambamba na ukuta na kuvuta chini tu, lakini rafu hujitokeza mbele na kujaribu kuing'oa parafujo ya juu kama mtambo wa kung'olea misumari.

Tuseme rafu ina upana wa sentimita 20, na uzito wa kilo 20 umekaa katikati yake, yaani sentimita 10 kutoka ukutani. Kama bolti ya juu ya mkono wa rafu iko sentimita 5 tu juu ya ncha ya chini ya mkono huo, mvuto juu ya bolti ni 20 mara 10, gawa kwa 5: kilo 40. Sasa chagua mkono mrefu, wenye bolti ya juu iliyo sentimita 20 kutoka ncha ya chini. Hesabu huwa 20 mara 10, gawa kwa 20: kilo 10. Ukuta ni ule ule, mzigo ni ule ule, lakini mvuto umepungua mara nne. Mikono ikiwa miwili, kila mmoja hubeba nusu. Basi kabla ya kununua nanga kubwa, nunua mikono mirefu.

Kumbuka pia kwamba kilo zinazoandikwa kwenye pakiti mara nyingi ni zile zilizoivunja nanga au ukuta katika majaribio. Kanuni ya busara ni kutumia robo yake. Pakiti ikisema kilo 80, wewe hesabu 20. Mzigo wa nyumbani hukaa miaka, mlango hubamizwa, watoto huning'inia, na jasi huchoka polepole.

KABLA YA KUTOBOA

Tafuta kiunzi kwanza, kama wazee walivyotafuta boriti. Gonga ukuta kwa kidole: penye uwazi pana mlio mpana, na penye kiunzi mlio ni mfupi na mzito. Sumaku ndogo nayo itakuonyesha parafujo zilizoshika ubao wa jasi. Nguzo za kiunzi kwa kawaida huachana sentimita 40 au 60. Nguzo ya mbao ikiwepo mahali unapopahitaji, funga parafujo humo. Hakuna nanga iliyo bora kuliko hiyo.

Pili, jihadhari na nyaya za umeme na mabomba ya maji. Usitoboe wima juu au chini ya swichi na soketi, na zima swichi kubwa ya nyumba ikiwa una shaka.

Tatu, angalia unyevu. Jasi iliyolowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Ukuta wenye doa la maji yanayovuja usitundikwe chochote mpaka paa au bomba litengenezwe na ukuta ukauke. Kwa wakazi wa pwani, hewa ya chumvi hula chuma kitupu. Tumia bolti na vipingo vilivyopakwa zinki au vya chuma kisichoshika kutu.

Nne, kwa tofali lenye matundu, toboa bila kuwasha kinyundo cha dreli. Kishindo humegua upande wa nyuma wa tofali, mahali hasa ambapo kipingo kinatakiwa kulala.

Na liko jambo moja lisilo na mjadala. Pangaboi halifungwi kwenye dari ya jasi kwa nanga ya aina yoyote. Huzunguka, hutikisika, na huwa juu ya vichwa vya watu. Mahali pake ni kwenye boriti au kwenye ndoano iliyoshikamana na zege.

JARIBIO LA NDOO

Kazi ikikamilika, usiiamini kwa macho. Watoe watoto chumbani. Weka juu ya rafu ndoo tupu, kisha mimina maji kidogo kidogo. Kila lita ni kilo moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Endelea mpaka uzito uzidi kwa mara moja na nusu mzigo unaokusudia kuuweka, na uiache ndoo hapo usiku kucha. Asubuhi tazama washa. Kama imezama, kama mkono wa rafu umeachana na ukuta hata kwa unene wa karatasi, au kama rangi imepasuka kuzunguka bolti, ondoa yote na uanze upya mahali pengine.

Na anayemwita fundi amwulize swali moja tu kabla ya kazi kuanza: "Fundi, nyuma ya ukuta huu kuna nini kitakachoshika?" Fundi anayeijua kazi yake atagonga ukuta kwanza, ndipo atoe jibu. Akijibu bila kugonga, mwombe asubiri. Maji yaliyomwagika sakafuni hukaushwa kwa tambara, lakini kabati likimwangukia mtoto, majuto hayatamrudishia alichopoteza.