Ndege za Vita Zikija, Jirani Husikilizwa?

Msomaji mpenzi, tuseme leo yaletwa barua kijijini kwenu, nayo yasema hivi: Serikali yafikiri kuleta ndege mpya za vita katika kiwanja kilicho karibu na mashamba yenu, mwenye neno na aliseme kabla ya siku 45 kwisha. Ungesema nini? Ungekwenda kwa nani? Na neno lako, wewe mkulima usiyejua habari za injini, lingekuwa na uzito gani mbele ya majenerali?

Hayo si maswali ya mchezo. Yaliwafikia watu wa Vermont, jimbo dogo la kaskazini mashariki ya Marekani, nchi ya milima na ng'ombe wa maziwa. Wala usidhani kuwa habari hii ni ya wageni tu. Miongoni mwa majirani wa kiwanja kile wamo akina mama na akina baba waliotoka Kongo, Burundi na Somalia, na katika nyumba nyingine za hao jioni husemwa Kiswahili kama kwako.

Mji ulio chini ya njia ya ndege

Kiwanja chenyewe huitwa kiwanja cha Burlington, lakini kimo katika mji wa South Burlington, na mwisho wake mmoja waelekea mji wa Winooski ulio ng'ambo ya mto. Winooski ni mji mdogo sana. Eneo lake lote ni kama maili moja na nusu za mraba, na watu wake wapata 8,000, wamebanana kuliko watu wa mji mwingine wo wote wa jimbo lile. Zamani maporomoko ya mto yaliendesha viwanda vya nguo za sufu, na watu wa Quebec wenye kusema Kifaransa walikuja kwa wingi kufanya kazi humo, wengi wao Wakatoliki. Viwanda hivyo vikafungwa mwaka 1954. Miaka ya baadaye mji ukapokea wakimbizi wa Vietnam, wa Bosnia, wa Bhutan, na wa Afrika yetu. Mkimbizi hapangi nyumba pale apendapo. Hupanga pale mfuko wake unapofika, na mara nyingi ni pale wengine walipokataa kukaa.

Katika kiwanja kile, kando ya ndege za abiria, kuna kikosi cha anga cha Walinzi wa Taifa. Hawa ni watu wa jimbo lile lile, na wengi wao wana kazi nyingine za kila siku, nao huitwa panapo haja. Tangu mwaka 1986 walirusha ndege ziitwazo F-16. Baada ya msiba wa New York wa Septemba 2001, ndege za Vermont zilikuwa miongoni mwa zile zilizolinda anga la mji ule mchana na usiku kwa miezi. Basi watu wa Vermont wana sababu ya kuwaheshimu walinzi wao, na yafaa jambo hili likumbukwe tunapoendelea, maana ugomvi huu haukuwa wa watu wema na watu wabaya.

Ndege hizo zilipozeeka, Jeshi la Anga likatafuta mahali pa kuweka ndege mpya ziitwazo F-35. Mahali palipofikiriwa palikuwa katika majimbo ya Utah, Idaho, South Carolina na Florida, pamoja na Burlington ya Vermont.

Sheria yasema nini

Huko Marekani Serikali haiwezi kuleta ndege namna hiyo kimya kimya. Tarehe 1 Januari 1970 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya kulinda mazingira. Sheria hiyo yaamuru kwamba kabla Serikali haijafanya jambo kubwa liwezalo kuharibu mahali watu wakaapo, lazima iandike taarifa ya madhara yake: kelele, maji, hewa, wanyama, shule, nyumba za watu. Na lazima ieleze pia njia nyingine ambazo ingeweza kuzifuata.

Kwa desturi ya wakati ule, Jeshi lilitangaza kwanza nia yake na kuwauliza watu wana hofu gani. Halafu likatoa kitabu cha kwanza ambacho bado si cha mwisho, na watu wakapewa siku zisizopungua 45 za kukisoma na kutoa maneno yao, kwa barua au kwa kusimama mkutanoni. Halikuulizwa kama msemaji ni raia au mgeni. Baadaye kikatoka kitabu cha mwisho chenye majibu kwa maneno ya watu, na baada ya hapo uamuzi. Hata huku kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yadai tathmini kabla ya miradi mikubwa, kwa hiyo mwendo wenyewe si mgeni sana kwetu.

Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui, nao hulijua wakiwa wamekwisha kuumia. Sheria hii yamlazimisha mkubwa kutazama. Haimlazimishi kuchagua lililo jema. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza wazi kwamba sheria hii yazuia kutenda bila kujua, wala haizuii kutenda bila busara. Mkubwa akisha kuandika, "Ndiyo, watoto watasumbuka," na kulipima neno hilo kwa uaminifu, aweza kuendelea.

Mstari wa 65

Kitabu cha Vermont kilitoka mwaka 2012. Mwaka 2013 kikatolewa tena kimesahihishwa, kwa kuwa cha kwanza kilihesabu watu kwa sensa ya zamani ya mwaka 2000 badala ya ile ya 2010. Waweza kufikiri ni jambo dogo la makarani. Siyo. Mtu asiyehesabiwa hana kelele.

Kelele hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Zikiongezeka desibeli 10, sikio la mtu husikia kama kelele imekuwa maradufu. Wapimaji huchukua kelele zote za mchana na usiku, za usiku wakiziongezea uzito wa desibeli 10 kwa ajili ya waliolala, kisha hutafuta wastani. Mahali ambapo wastani huo wafika 65, idara ya Marekani isimamiayo usafiri wa ndege husema kwamba kwa kawaida hapafai kuwa makao ya watu. Tena mwaka 1974 idara yao ya mazingira ilikuwa imeshauri 55, si 65.

Hesabu ya wastani ina faida yake, na hutumika kwa viwanja vyote. Ila mama mwenye mtoto mchanga hasikii wastani. Ni kama kuimwaga ndoo ya maji ya moto katika pipa la maji baridi, kisha kusema maji ni ya vuguvugu. Kwa pipa ni kweli. Kwa aliyemwagikiwa na ndoo si kweli. Ndege zaondoka moja baada ya moja kwa dakika chache, mwalimu anyamaza, watoto waziba masikio, halafu kimya.

Kitabu cha mwaka 2013 kilikadiria kwamba ndege 18 za F-35 zikija, watu zaidi ya 6,000 watakaa ndani ya mstari ule wa 65, hali wakati wa F-16 walikuwa zaidi ya 4,000. Na watu wa South Burlington hawakuhitaji kitabu kuwaeleza mstari ule maana yake nini. Kwa miaka kadhaa uongozi wa kiwanja ulikuwa umenunua nyumba zilizo karibu, kwa fedha za Serikali, kwa sababu ya kelele, na kuzibomoa. Zilifika karibu 200. Wenyewe waliuza kwa hiari na kulipwa, ni kweli. Lakini aliyebaki alitazama mtaa wa majirani zake ukigeuka majani matupu.

Utauliza, je, kelele yadhuru kweli, au yaudhi tu? Mfano mmoja ulio bora watoka Ujerumani. Mwezi Mei 1992 mji wa Munich ulifunga kiwanja chake cha zamani na kufungua kipya mahali pengine. Wataalamu walikuwa wamewapima watoto wa pande zote mbili kabla ya siku ile, wakaendelea kuwapima baadaye. Watoto wa karibu na kiwanja kipya walirudi nyuma katika kusoma na katika kukumbuka mambo. Wale wa karibu na kiwanja kilichofungwa wakapata nafuu. Kwa mzazi maneno hayo yana huzuni na faraja pamoja.

Waliosema ndiyo, na waliosema hapana

Waliotaka ndege walikuwa wengi na wenye sauti. Maseneta Patrick Leahy na Bernie Sanders waliziunga mkono, na Gavana Peter Shumlin vile vile. Gavana huyo alisafiri mwaka 2012 mpaka Florida kuzisikia, akarudi akisema kelele yake ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri. Hofu yao haikuwa ya bure: kikosi kile kilikuwa na kazi za watu zaidi ya 1,000, nao waliogopa kwamba kikosi kisicho na ndege hakidumu. Baba wa watoto wanne mwenye mshahara wa kikosi naye ni jirani.

Waliokataa walikuwa watu wa nyumba zile, pamoja na wengine waliowahurumia. Desemba 2013 Jeshi la Anga likaamua: ndege 18 zitakuja Burlington. Wapinzani wakaenda mahakamani, na mji wa Winooski ukaingia katika kesi ile. Mwaka 2016 jaji akasema Jeshi lilitazama madhara kama sheria ilivyotaka, na kesi ikaisha. Machi 2018 watu wa Burlington walipiga kura ya ushauri, na zaidi ya nusu ya waliopiga kura walitaka ndege nyingine zisizo na kelele namna ile. Kura ya ushauri haimfungi mtu. Septemba 2019 ndege mbili za kwanza zikatua, na baadaye zikafika 20.

Je, maneno ya watu yalipotea bure? Sivyo kabisa. Hesabu ya watu ilisahihishwa. Madhara yaliandikwa kwa mkono wa Jeshi lenyewe, wala hakuna tena awezaye kusema hayakujulikana. Lakini ndege zilikuja, na sitakuficha hilo, msomaji.

Kisiwa cha Whidbey

Sasa tutazame upande mwingine wa nchi ile, jimbo la Washington, penye kisiwa cha Whidbey. Huko Jeshi la Wanamaji lina ndege ziitwazo Growler, ambazo kazi yake ni kuzichanganya rada za adui. Marubani wake hufanya mazoezi ya kutua kama watuavyo juu ya meli: hushuka, hugusa, huruka tena, mara nyingi usiku, karibu na mji mdogo wa Coupeville wenye wakulima wa tangu zamani. Mwaka 2019 Jeshi liliamua kuongeza ndege 36, na mazoezi ya hapo Coupeville yaongezwe kama mara nne.

Jimbo lenyewe na chama cha wenyeji wakalishtaki Jeshi. Hawakusema tu, "Hatutaki." Walishika kitabu wakaonyesha mahali palipopungua: kwamba kitabu chakubali kuwa kelele husumbua masomo, lakini hakikupima watoto wa pale watasumbuka kwa kiasi gani; kwamba ndege wa porini waliwekwa wote kapu moja, kana kwamba kila aina huumia sawasawa; kwamba njia nyingine, ya kupeleka mazoezi mahali pengine, haikutazamwa vya kutosha. Agosti 2022 jaji alikubali kwamba sheria ilivunjwa, na Jeshi likaamriwa kuandika upya. Wakati huo ndege ziliendelea kuruka.

Basi waweza kuona tofauti. Barua elfu zenye maneno yale yale hujibiwa kwa pamoja, kwa jibu moja. Barua ya mwalimu mmoja aliyeandika siku, saa, na dakika ambazo darasa lake lilinyamaza yataka jibu lake yenyewe, na jibu baya laweza kusomwa na jaji.

Jambo la mwisho la habari hii ni jipya. Mwaka 2021 bunge la Vermont liliwapa wakazi wa Winooski wasio raia haki ya kupiga kura za mji, ingawa gavana alikataa. Lakini mwaka 2025 kanuni za tangu 1978, zilizoeleza jinsi idara zote za Serikali ya Marekani ziwasikilize watu, zilifutwa. Sheria ya 1970 ingalipo. Ila kila wizara imejiandikia taratibu zake, ya ulinzi mojawapo, na kitabu cha kwanza si lazima tena kiwekwe mbele ya watu kila mara kama zamani. Mkazi wa karibu na kiwanja, siku atakaposikia fununu ya ndege nyingine, itambidi kwanza aulize kama ataonyeshwa kitabu kabla hakijakwisha kuandikwa.