Pilipili kwa Mama Mjamzito: Ni Hatari au Ni Maneno ya Watu?



Wahenga walisema, pilipili usiyoila yakuwashiani? Lakini mwanamke akipata mimba, pilipili iliyo kwenye sahani yake huwawasha watu wote. Mama mkwe anakataza, jirani anakataza, hata mume anasema ati mtoto atazaliwa na macho mekundu. Katika matembezi yetu kwenye jumuiya ndogo ndogo tumeulizwa swali hili mara nyingi. Leo tulijibu.

Je, pilipili inamdhuru mtoto?

Hapana. Mtoto hakai pale chakula kinapoingia. Yeye yuko katika mfuko wa uzazi, ndani ya maji yake, na chakula humfikia kwa damu kupitia kondo la nyuma na kitovu. Pilipili ya kiasi cha kawaida haimchomi macho wala haimtoi nywele, na haiharibu mimba. Kina mama wa India na Mexico hula pilipili karibu kila siku, na wanazaa watoto wazima.

Tena pilipili mbichi ina vitamini C, ambayo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika ndengu, maharagwe na mboga za kijani. Na kama mama amekosa hamu ya kula, kachumbari yenye pilipili kidogo inaweza kumfanya amalize ugali wake. Sasa tukimnyima, tumemsaidia nini?

Basi mbona kifua kinachoma?

Wakati wa mimba, homoni hulegeza mlango ulio kati ya koo la chakula na tumbo. Mimba ikikua, nayo inasukuma tumbo juu. Asidi inapanda, na mama anasikia kiungulia. Pilipili haikuleta shida hii, lakini kwa wengine inaizidisha. Kwa hivyo kila mama ausikilize mwili wake. Ukiona inakuchoma, punguza au iache kwa muda. Ukiona haikusumbui, kula kwa amani.

Namna ya kula bila taabu

1. Anza na kidogo. Pilipili kichaa na pilipili mbuzi ni kali sana. Hoho haina ukali.
2. Usile pilipili na tumbo tupu. Kula kidogo kidogo mara nyingi, na usilale mara tu baada ya kula.
3. Mdomo ukiwaka, kunywa maziwa yaliyochemshwa. Ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta, si katika maji.
4. Osha pilipili, nyanya na vitunguu vya kachumbari kwa maji safi. Uchafu wa mboga mbichi huleta taifodi na kuhara, na hiyo ndiyo hatari ya kweli.
5. Kama una bawasiri au tumbo linaendesha, iache mpaka upone.
6. Usilambe magadi ili kutuliza kiungulia. Yana chumvi nyingi. Uliza kliniki wakupe dawa inayofaa mjamzito. Na usiache vidonge vya kuongeza damu bila kumwuliza muuguzi.

Wako pia wanaokula pilipili nyingi mwezi wa tisa ili uchungu uanze upesi. Hakuna uthibitisho kwamba inasaidia. Utapata tu kuhara na kuishiwa maji mwilini, nawe unahitaji nguvu za kuzaa.

Maumivu yasiyo ya pilipili

Hapa ndipo tunaomba mtusikilize vizuri. Mama mmoja tuliyemtembelea alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa anaumwa juu ya tumbo, chini ya mbavu. Nyumbani wakamwambia, "Si tulikukataza pilipili?" Akaiacha siku mbili, maumivu hayakuisha. Kichwa nacho kikaanza kugonga, uso ukavimba. Shukrani kwa jirani aliyemshika mkono wakaenda dispensari. Presha ilikuwa juu sana, akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Yeye na mtoto walipona. Wangengoja zaidi, huenda tungekuwa tunasema mengine.

Maumivu ya namna hiyo baada ya wiki 20 yaweza kuwa dalili ya presha ya mimba, ambayo huleta kifafa cha mimba. Usingoje kesho kama una mojawapo ya haya: maumivu makali juu ya tumbo, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, kutoka damu, au mtoto kupunguza kucheza. Enda hospitali, hata kama jana ulikula pilipili.

Na usikose kliniki. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe na wahudumu wa afya angalau mara nane. Kila mara wakupime presha, na matokeo yaandikwe katika kijitabu chako.

Mama Maria aliposikia Elizabeti ana mimba, alienda kwake akakaa kama miezi mitatu. Nasi katika jumuiya zetu tuwatembelee wajawazito. Lakini tusiende kukagua sufuria tu. Tumwulize mama, "Unajisikiaje leo?" kisha tumsikilize mpaka amalize.