Septrin haimalizi kinga ya mwili

Swali linalorudi kila mara kutoka Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, ni hili: je, Septrin, dawa ya bakteria ambayo mtu mwenye VVU humeza kila siku, haimmalizii kinga? Wapo walioiacha kwa kusikiliza wauza mizizi wanaodai kwamba dawa za hospitali hukausha damu. Huo ni uongo, na ni uongo unaoua.

Ushahidi uko ng'ambo tu ya mpaka. Katika utafiti wa ARROW, watoto na vijana 758 wa Uganda na Zimbabwe waliotumia ARV, dawa za kudhibiti VVU, kwa zaidi ya wiki 96 waligawanywa kwa kura: wengine waendelee na Septrin, wengine waache. Matokeo yalichapishwa 2014. Walioacha walilazwa hospitalini zaidi, kwa malaria na maambukizi mengine.

Kinga yenyewe ilikuwaje? Mwaka 2019 watafiti walitoa majibu kutoka damu ya watoto wale. VVU huharibu ukuta wa utumbo, na ARV haziurekebishi wote. Vipande vya bakteria hupenya hadi kwenye damu, seli za kinga zikabaki katika tahadhari usiku na mchana. Hali hiyo huitwa mchochota, na usipozimika ndio unaochakaza mwili. Walioendelea na Septrin walikuwa na CRP na IL-6 kidogo zaidi, protini zinazopanda mchochota unapowaka. Tena dawa haikufagia bakteria wote wa utumbo. Ilipunguza hasa kundi dogo la bakteria waitwao streptokoki. La ajabu zaidi, seli za damu zilipowekewa Septrin maabarani zilipunguza zenyewe kemikali za mchochota, na seli za ukuta wa utumbo vivyo hivyo. Yaani dawa ya bakteria iligusa kinga moja kwa moja.

Hii si ruhusa kwa dereva aliye kwenye foleni ya malori Malaba kununua vidonge vinne vya antibayotiki vya rangi mbili kwa sababu ya mafua. Mafua husababishwa na virusi, ambavyo antibayotiki haziui. Tena antibayotiki zisizohitajika zaweza kudhuru: Marekani, mwaka huohuo wa 2019, ilionekana kwamba watu wazima wenye kingamwili chache dhidi ya homa ya mafua, wakipewa antibayotiki kali kabla ya chanjo, mwitikio wao wa chanjo hudhoofika.

Ukipata vipele baada ya kumeza Septrin, nenda kliniki siku hiyohiyo. Vinginevyo usiiache mpaka daktari wako aseme, na anayekuuzia mizizi badala yake usimpe hata shilingi.