Kipi Chastahili Nauli: Ulaya au Siyu?

Picha ya Mona Lisa ina kimo cha sentimita 77 na upana wa sentimita 53. Yaani, ndugu msomaji, ni ndogo kuliko mswala wako. Imetundikwa Paris katika jumba la Louvre, nyuma ya kioo kinene, na kila siku maelfu ya watu husukumana mbele yake, wakainua simu zao, wakapiga picha ya picha, kisha wakatoka. Nimepata kusimama katika msongamano ule. Nilichokiona vizuri ni visogo vya watu.

Sisemi kwamba kazi ya Leonardo da Vinci haina thamani. La, hasha. Lakini sehemu kubwa ya sifa zake zimetokana na wizi. Mwaka 1911 fundi mmoja wa Kitaliana aliiiba, ikapatikana 1913, na katika muda huo watu walikuwa wakipanga foleni kwenda kutazama ukuta mtupu pale ilipokuwa imetundikwa. Basi mtu wa namna hiyo hana haki ya kutucheka sisi tunaokwenda kutazama magofu.

Nimeanza na habari hii kwa sababu vijana wetu wanaofanya kazi Ghuba, na wale wenye jamaa Ulaya, huniuliza mara kwa mara tunapokaa Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu: "Mwalimu, nikipata likizo mwaka huu, niende Paris? Niende Italia?" Juzi mzee mmoja aliyekuwa kando alimjibu kijana kabla yangu. "Mwanangu," alisema, "kwani Siyu umeshakwenda?" Baraza zima likacheka. Kijana naye alicheka, ila jibu hakuwa nalo, kwani Siyu hajafika, naye amezaliwa Langoni.

Mizani yangu ni nyepesi. Kitu kistahilicho nauli ni kile ambacho ukikifikia hukupa zaidi ya ile picha uliyokwisha kuiona nyumbani. Na sisi tuliokaa mkekani kwa mwalimu twajua kwamba Kurani yatuhimiza tutembee katika ardhi na tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kutazama huko si kwa macho peke yake.

Kwa mizani hiyo, Mnara wa Eiffel utazame kwa mbali, tena bure. Ni chuma kilichosimamishwa mwaka 1889 kwa ajili ya maonyesho, kikapewa ruhusa ya miaka 20 tu. Leo chafika mita 330 na hapana mwenye nia ya kukishusha. Mnara wa Pisa ndio ulionichekesha. Watu huupa mgongo wakainyosha mikono hewani, wajifanye waushikilia usianguke, wapigwe picha. Mnara wenyewe ni wa kengele za kanisa kubwa lililo hapo kando, kanisa zuri mno, ambalo aghalabu ya wageni hawaligeukii. Ulianzwa mwaka 1173 juu ya udongo laini, ukainama. Lau udongo ungalikuwa mgumu, nani angaliujua?

Cordoba ni habari nyingine. Huko nasema nenda, ukiweza. Abdurahman wa Kwanza, aliyeikimbia Sham baada ya Bani Umayya kupinduliwa, aliuanza msikiti ule mwaka 785, na waliomfuata wakaupanua. Leo zahesabiwa nguzo 856, na juu yake matao ya mawe meupe na matofali mekundu, safu baada ya safu, hata jicho likapotea. Hapana picha iliyoniandaa kwa jambo lile. Lakini mji ulipotekwa mwaka 1236 msikiti ukafanywa kanisa, nalo ni kanisa mpaka leo. Waislamu wa Uhispania wameomba waruhusiwe kusali humo. Wakuu wa kanisa wamekataa. Basi Mwislamu huingia kwa tikiti, akaitazama mihrabu, na adhuhuri ikimkuta humo hutoka nje kutafuta pa kusalia. Jambo hili, msomaji, liweke akilini; tutalihitaji tukifika Shanga.

Sasa turudi kwetu, na mizani ni ile ile, nisije nikaambiwa kwamba kila mtu husifu chakula cha mamake.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tangu hapo mgeni akishuka gatini hupokewa na vijana wenye safari iliyokwisha kupangwa. Posta ya Wajerumani imo, na robo saa yaitosha: ilifunguliwa mwaka 1888, ikafungwa 1891, na yote yaliyobaki ni chumba na hadithi. Kituo cha kutibu punda, kilichoanzishwa na Waingereza mwaka 1987, ni kazi ya huruma na kinastahili shukrani. Lakini mtu wa pwani halipi nauli kwenda kutazama punda. Kaa barazani dakika kumi, punda watakujia wenyewe na kukuomba njia.

Ngome ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, Waamu walipowashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa, ikamalizika mwaka 1821 kwa msaada wa Sayyid Said. Waongozaji husimulia hayo vizuri. Ya jela huyapitia mbio mbio, ilhali ngome ile ilikuwa jela tangu 1910 hata 1984, na wako watu wazima wa Lamu wanaoikumbuka kwa hayo kuliko kwa Sayyid. Ukiingia, ulizia habari hizo, la sivyo utakuwa umetazama kuta tu.

Katika makumbusho kuna siwa ya pembe ya Pate. Hiyo peke yake yastahili nauli ya kutoka Mombasa. Ina urefu wa zaidi ya mita mbili, ya pembe za ndovu, imechongwa nakshi ambazo fundi wa leo akizitazama hunyamaza kwanza. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikitangaza mambo ya wafalme. Na waweza kusimama mbele yake peke yako hata ushibe. Ile ya Paris haikupi nafasi hiyo. Nyumba ya Kiswahili, ya karne ya 18, nayo ni nzuri: daka, kiwanda, misana, na zidaka za chokaa zilizopangwa ukutani kama mashairi. Kasoro yake ni moja, haipikwi. Ukipata mwenyeji akakualika nyumba inayokaliwa, yenye zidaka zilizomomonyoka na watoto wanaosoma, achana na hiyo ya tikiti.

Msikiti wa Riyadha, alioacha Habib Swaleh aliyefariki mwaka 1935, na Maulidi yake ya Mfungo Sita, siutii katika mizani hii. Huko hatwendi kutazama, twaenda kuzuru.

Ufuo wa Shela ni maili saba za mchanga, na sifa zake hazikuzidishwa. Lakini mgeni huambiwa habari za bahari tu, haambiwi habari za yale machuguu ya mchanga yaliyo nyuma yake. Mvua huingia mchangani humo ikakaa chini, na maji hayo ndiyo wayanywayo watu wa Lamu. Kila jumba linalopandishwa juu ya mchanga ule limekaa juu ya kisima cha mji. Naam, nenda Shela, ila ukifika lipe bahari mgongo kidogo utazame huko.

Mpaka hapa sijatoka kisiwa kimoja. Ukweli wangu, na wenzangu wa Lamu wanisamehe, ni kwamba vitu vikubwa vya Amu haviko Amu.

Vuka kwenda Manda, uingie Takwa. Mkondo wake wapita katika mikoko, na chombo hakiingii ila maji yakijaa. Nahodha akikwambia, "Ngoja mai yaye," ngoja, kwani hata Mfalme wa Uingereza angengoja. Ni mji wa karne za 16 na 17 uliohamwa, na watu wake yasemekana ndio waliohamia Shela. Msikiti ungali umesimama, na juu ya ukuta wake wa kibla pana nguzo isiyofanana na ya msikiti mwingine niliouona. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye tarehe ya mwaka 1094 Hijria, ambao ni 1683 kwa hesabu ya Kizungu. Watu wa Shela bado huvuka kwenda kaburini pale kuomba mvua. Ndiyo maana nimeliweka Takwa juu ya Pisa: kule watu hujifanya waushikilia mnara, huku wamelishikilia kaburi kweli.

Kisha Pate. Hapa lazima nikae kidogo.

Mji wa Pate ulikuwa kiti cha Wanabahani, na magofu yake yameenea kuliko mji wa leo. Kati ya kuta watu hulima tumbaku, na mchana wa jua hapana sauti ila ya jembe. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyaona magofu haya yakiwa bado mapya, akatunga Al-Inkishafi. Msomaji anayelijua utenzi huo kwa moyo, kisha akasimama pale, atapata jambo ambalo halipatikani Louvre: kitu kilichotungiwa na shairi lililokitunga vyote viko kwake, kwa lugha ya mamake. Na asiyelijua atawaona mawe na tumbaku. Siwezi kumdanganya.

Siyu ndiko nilikokuwa nikimkusudia yule kijana. Mji huu uliyarudisha majeshi ya Sayyid Said katika miaka ya 1840, chini ya Bwana Mataka, na haukutiishwa na Zanzibar hata mwaka 1863. Bwana Mataka ndiye mume wa Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi wake mwaka 1858. Ngome ya Siyu imesimama ukingoni mwa mkondo wa mikoko, na ukiifikia kwa mashua maji yakijaa, waiona ikipanda kutoka majini polepole bila jengo la kuipokonya heshima. Ni ndogo kuliko ya Lamu. Lakini ya Lamu ilijengwa kwa msaada wa sultani, na mji huu ulimkatalia. Siyu ilikuwa mji wa wanachuoni na mafundi: misahafu iliyonakiliwa huko kwa mikono, kwa wino mwekundu na mweusi, watu wa vyuo vikuu vya ng'ambo huitungia vitabu. Sisi twajua makubadhi tu.

Kutoka Siyu waweza kwenda kwa miguu hadi Shanga. Hapa nasema kweli tupu: cha kutazama ni kidogo. Kuta za msikiti, makaburi, vichaka, na bahari upande mmoja. Mji ulihamwa yapata mwaka 1425. Lakini kati ya 1980 na 1988 Mwingereza Mark Horton alichimba pale, na chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, hata akafika kwenye alama za nguzo za miti za kimsikiti kidogo cha watu wachache, cha karne ya 8. Zilipatikana pia sarafu ndogo ndogo za fedha zenye majina ya watawala Waislamu. Sasa rudisha akili Cordoba. Zama zile zile Abdurahman alipokuwa akisimamisha nguzo zake za marumaru, jamaa hawa walikuwa wakisimamisha za mikoko. Cordoba imebaki na uzuri wake wote, na rakaa mbili huwezi kuisalia. Shanga haikubaki na kitu, na hapana wa kukuzuia kutandika mswala. Nilisali adhuhuri pale na mbu wengi.

Kwa nini basi hatwendi? Hofu ni sababu moja. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 Serikali ilipiga marufuku kutembea usiku, wavuvi wakazuiliwa kuvua usiku, na wageni wakapungua sana. Lakini kabla ya 2014 pia hatukuwa tukienda. Sisi twaona aibu kulipa nauli kwenda kwa jamaa.

Aibu hiyo ina gharama. Venice nao ni mji wa visiwa, maji na vichochoro, na kuna wapendao kuufananisha na Lamu. Mwaka 1951 katika mji wake wa kale waliishi watu takriban 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Nyumba zimekuwa za wageni wa siku mbili, na mwaka 2024 wakuu wa mji walianza kumtoza mgeni wa kutwa euro 5 katika siku zilizopangwa. Nilipokuwa huko nilitafuta duka la sindano na uzi nikalikosa. Ya vinyago vya uso yalikuwa kila kona. Huku kwetu wageni walianza kununua nyumba tangu miaka ya 1970, na Shela zaidi kuliko Lamu. Siwalaumu wote, kwani wako waliozisimamisha nyumba zilizokuwa zikianguka. Nyumba huuzwa kwa sababu warithi ni kumi na watano, chokaa na boriti ni ghali, fundi ni mmoja na kazi anazo, na hapana katika hao kumi na watano aliyewahi kuambiwa kwamba alicho nacho ni zaidi ya ukuta mbovu. Huambiwa na mnunuzi, siku ya bei.

Yule kijana ameniuliza safari ya Siyu huondoka saa ngapi. Vyombo vya Pate huondoka Lamu kwa saa ya maji, si kwa saa ya ukutani. Vingine hushusha Mtangawanda, na kutoka hapo waweza kwenda Pate kwa miguu au kwa pikipiki. Kuingia Siyu kwa mkondo wake kwataka maji makubwa, basi ni bora uende siku za bamvua. Uliza gatini baada ya alasiri, siku moja kabla. Chukua maji ya kunywa, na mswala.