Ngao ya Papa Francis: Kofia ilibadilika, ahadi ikabaki

KILA Mkenya anaitambua nembo ya taifa: simba wawili wameshika ngao, jogoo ameshika shoka, na chini yao neno Harambee. Anayejua maana ya alama hizo husoma humo historia ya nchi.

Maaskofu wa Kanisa Katoliki nao wana desturi kama hiyo. Padri anapoteuliwa kuwa askofu, huchagua ngao yake pamoja na maneno machache ya kumwongoza, yanayokuwa kama ahadi mbele ya waumini. Linalobaki ni kuona iwapo maisha yake yataafikiana na ahadi hiyo.

Mfano mmoja ni wa Jorge Mario Bergoglio, aliyejulikana ulimwenguni kama Papa Francis. Alizaliwa Buenos Aires, Ajentina, mnamo Desemba 17, 1936, akapewa upadri mwaka wa 1969 katika shirika la Wajesuiti, na mwaka wa 1992 akawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa jiji hilo. Ndipo alipochagua ngao aliyodumu nayo hadi alipofariki Aprili 21, 2025.

Ngao yenyewe ni ya samawati. Juu kuna jua linalowaka, na ndani yake herufi IHS, ambazo ni mwanzo wa jina la Yesu kwa Kigiriki, pamoja na msalaba na misumari mitatu ya mateso. Hiyo ni alama ya Wajesuiti.

Chini ya jua kuna nyota, inayomwashiria Bikira Maria, na ua la nardo, linalomwashiria Mtakatifu Yosefu. Katika sanaa ya Wahispania, Yosefu huchorwa akiwa na tawi la nardo mkononi. Nembo hiyo ilipotolewa Vatican mwaka wa 2013, wapo waliodhani ua hilo ni kichala cha zabibu.

Maneno ya Kilatini yaliyoandikwa chini, Miserando atque eligendo, yametoka katika mahubiri ya Beda, mtawa Mwingereza wa karne ya 8, kuhusu mtoza ushuru Mathayo. Maana yake ni kwamba Yesu alimhurumia, akamteua. Bergoglio alikuwa na sababu ya kuyachagua. Mnamo Septemba 21, 1953, sikukuu ya Mtakatifu Mathayo, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia kanisani kuungama, akatoka akihisi ameitwa kuwa padri.

Kinachobadilika kwa kawaida ni mapambo yanayoizunguka ngao. Askofu huwekewa kofia pana ya kijani yenye vishada 6 kila upande. Askofu mkuu huwa na vishada 10. Naye kardinali hupata kofia nyekundu yenye vishada 15 kila upande.

Bergoglio alizipanda ngazi hizo zote. Alikuwa askofu mkuu mwaka wa 1998 na kardinali mwaka wa 2001. Alipochaguliwa kuwa Papa, Machi 13, 2013, kofia hiyo iliipisha mitra ya kiaskofu na funguo mbili, ya dhahabu na ya fedha, alama ya mamlaka aliyokabidhiwa Petro. Ngao aliibakisha.

Je, mwenyewe alibadilika? Akiwa askofu mkuu alijipikia chakula na kusafiri kwa basi na treni, kama raia wengine.

Wakenya nao walimshuhudia Novemba 27, 2015, alipozuru Kangemi, Nairobi. Parokia aliyoitembelea ni ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na huhudumiwa na Wajesuiti: alama mbili za ngao yake zilikuwa zikimngoja hapo. Alikemea unyakuzi wa ardhi, hata ya viwanja vya kuchezea watoto shuleni, na kutetea haki ya wakazi kupata maji safi.

Hata hivyo, ahadi ya huruma ilimhukumu pia. Mapema mwaka wa 2018 alimtetea askofu mmoja wa Chile aliyedaiwa kuficha dhuluma za kingono. Aprili mwaka huo alikiri kwamba alikosea sana katika kulipima suala hilo, akaomba radhi.

Alizikwa katika Kanisa la Santa Maria Maggiore, Roma. Aliagiza kaburi lake liandikwe neno moja tu, Franciscus. Juu yake pamewekwa nakala ya msalaba aliouvaa kifuani. Hapana vishada wala funguo.